Ugonjwa wa Direkta

Jumanne, saa moja kasoro robo asubuhi, Tata Kisimba alifungua kibomba cha bireti, akahesabu matone arobaini juu ya jani la mpera, na kinyonga wake hakulamba hata moja.

Bireti hiyo, tyubu ndefu ya kioo yenye kibomba kidogo chini, ndiyo iliyokuwa pensheni yake. Alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika maabara ya ile kampuni ya zamani ya shaba iliyojenga nyumba za mtaa wa Kapata kwa mistari iliyonyooka kama ya daftari. Mishahara ilipokatika, kila mtu aliondoka na alichoweza kubeba. Wengine walibeba milango. Jirani mmoja alibeba nusu ya winchi, na mpaka leo iko uani kwake, kuku wanatagia ndani. Kisimba alibeba bireti, chupa ya amonia na tabia ya kuandika kila kitu. Watu walimcheka. Yeye akawacheka zaidi, kwa sababu mzigo wake haukumchubua bega.

Kinyonga aliitwa Direkta. Alitembea polepole, aliangalia pande mbili kwa wakati mmoja, na alibadilika rangi kulingana na nani ameingia. Jina lingine lisingemfaa. Alikuja mwenyewe, juma moja baada ya mazishi ya mke wa Kisimba, akitembea katikati ya barabara huku teksi-moto, zile pikipiki za abiria, zikimkwepa. Kapata mtu akikutana na kinyonga hubadilisha njia. Siku hiyo Kisimba hakuwa na njia nyingine ya kwenda popote, kwa hiyo alinyoosha mkono, akambeba. Tangu hapo Direkta aliishi barazani, juu ya tawi la mpera lililochomekwa ndani ya debe la mchanga.

Ndani ya nyumba kulikuwa na binti yake Mamie, mwenye mimba ya miezi saba. Mimba mbili za kwanza hazikukaa. Mumewe, Muteba, alikuwa mashimoni huko juu akichimba, na alirudi nyumbani pale tu udongo ulipomruhusu. Hivyo hiyo ya tatu ilikuwa inalindwa na watu wawili: Kisimba, na jirani yao Mama Godelieve, shemasi wa kanisa, ambaye kila alipopita barazani alimfunika Mamie macho kwa kitenge.

“Mwanamuke wa mimba haangaliake kinyonga,” alisema. “Mutoto atachukua sura yake.”

“Basi mama yako aliangalia nini?” aliuliza Kisimba, naye Mama Godelieve akacheka mpaka akakaa chini, halafu akaendelea kumfunika Mamie macho.

Daftari la Kisimba lilikuwa na ukurasa wa Direkta mzima. Direkta mzima hushika kidole kwa nguvu, kama karani anavyoshika muhuri. Hulala usiku tu. Hukaa tawi la juu. Ulimi wake hauchelewi panzi. Kinyesi chake kina sehemu nyeusi na sehemu nyeupe kama chokaa. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa wiki hiyo. Alhamisi: amekosa panzi mara mbili. Jumamosi: amefumba macho saa sita ya mchana. Jumapili: macho yamezama. Jumatatu: ameshuka tawi la chini, ile nyeupe imekuwa manjano. Mtu asiyejua angesema anapumzika. Kisimba alijua kwamba kinyonga hapumziki mchana. Kinyonga anayefumba macho mchana anaumwa, na tena ameficha ugonjwa muda mrefu kabla ya kuchoka kuuficha.

Alimtia ndani ya kofia, akapanda teksi-moto hadi Dilala, kwa Dokta Stanislas, daktari wa mifugo.

“Tata Kisimba, mi natunzaka mbuzi na kuku,” alisema Stanislas. “Huyu hata nyama hana.”

“Iko na macho, dokta. Anza na macho.”

Stanislas alianza na macho. Akavuta ngozi ya ubavuni kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama kama kitambaa kilichopigwa pasi vibaya. Akaangalia manjano kwenye kofia.

“Ni kiu,” alisema. “Macho kuzama, ngozi kusimama, njo vile. Huyu hakunywake mu sahani, anakunywaka ku majani. Umupatie maji mingi. Mara mbili, mara tatu kwa siku. Pole pole, na jua ya asubui.”

Ulikuwa ushauri mzuri, na mtu wa maabara akipewa ushauri mzuri huufuata kwa kipimo. Matone arobaini yakawa themanini, themanini yakawa mia na ishirini, asubuhi, adhuhuri na jioni. Maji yalitoka kwenye fonteni, bomba la mtaa mzima. Kampuni mpya, ile ya upande wa pili wa ukuta, iliijenga fonteni hiyo miaka sita kabla, ikabandika kibao cha chuma kinachosema ni zawadi kwa wananchi, na ikapiga picha na wazee, Kisimba akiwa wa tatu kutoka kushoto, amecheka. Maji yake yalikuwa meupe, baridi, na hayakukatika. Kapata nzima hakukuwa na kitu kingine kisichokatika.

Direkta akanywa. Akafungua macho. Akaongezeka uzito, na Kisimba akaandika hivyo na kupigia mstari. Wiki ya pili ubavu wake ulipata kijani kizuri chenye miviringo, mmoja ndani ya mwingine, na mkia ukaingia bluu. Wiki ya tatu tawi la mpera lilivunjika chini yake. Kisimba alichomeka fimbo ya chuma.

Alasiri moja Mamie alikuwa anachambua maharagwe sebuleni, akasikia kitu kinapita juu ya simenti ya baraza.

“Tata,” alisema, “Direkta yenu anatembea na sauti ya sahani.”

“Nimesikia.”

“Bon,” alisema Mamie, akaendelea na maharagwe.

Kisimba alirudi Dilala. Safari hii kofia haikutosha, alitumia mfuko wa simenti. Stanislas alimgonga Direkta mgongoni kwa kalamu, akasikiliza, akamgonga tumboni, akaandika kwenye kadi: *Anageuka malakiti, jiwe la kijani la shaba. Hamu ya chakula: kidogo.*

“Niliona mbuzi mumoja ya vile,” alisema. “Pembe tu.”

“Ilikufa?”

“Hapana. Baliuzisha pembe.” Alifunga kadi. “Mi nafika hapa tu. Wende kwa bale benye kupima mawe.”

Mwenye kupima mawe alikuwa Ntambwe, mnunuzi wa madini, aliyekuwa na depo ya turubai kando ya barabara, na metorex, ile mashine inayofanana na bunduki ya kuchezea, ambayo ukiielekeza kwenye jiwe inasoma madini yake. Ntambwe alimweka Direkta juu ya mizani, akamwelekezea mashine tumboni. Direkta aligeuza jicho moja kwenye mashine na la pili kwa Ntambwe.

“Shaba kumi na nane kwa mia,” alisoma Ntambwe. “Kobalti mbili na nusu. Tata, huyu anapita mawe yote ya leo.”

“Na nyama imebakia ngapi?”

“Mashine haisomake nyama.”

Alimwangalia Direkta tena, kwa upole, kama mtu anavyoangalia bahasha ya motisha.

“Ukichoka naye, tata, usipite kwa mwingine.”

Nyumbani, Kisimba alikaa mezani. Kisha akafanya kile ambacho mvulana yeyote wa maabara hufundishwa siku ya kwanza. Alimimina maji ya fonteni ndani ya glasi nyembamba, akayachemsha mpaka yakabaki kidogo, akafungua chupa ya amonia na kudondosha. Kama hakuna shaba, maji hubaki maji. Maji yaligeuka bluu, bluu ile nzito ya kola za ovaroli. Aliinua glasi dirishani, akaisoma kwa mwanga kama zamani. Fonteni ilikuwa pale miaka sita. Chupa ya amonia ilikuwa kabatini miaka sita yote. Kati ya kabati na ndoo ya maji kulikuwa na hatua nne. Aliliandika hilo pia.

Kesho yake alivaa koti, akachukua glasi na Direkta, akaenda ofisi inayopokea malalamiko ya mazingira. Mama Micheline, mkuu wa ofisi, alikuwa mtu mzuri. Alimpa kiti kabla hajasema neno.

“Hii ni maji ya fonteni yetu, mama,” alisema Kisimba. “Binti yangu iko na mimba, anaikunywa. Kapata yote inaikunywa.”

“Rangi muzuri,” alisema Mama Micheline. “Lakini tata, kwa maji iko formulaire, na formulaire zimeisha. Na hii jiwe iko na karatasi?”

“Haiko jiwe, mama. Ni kinyonga yangu. Anaumwa juu ya ile maji.”

“Iko na shaba ngapi?”

Mtu mwingine angesema hajui. Mtu mwingine angesema mbili, angesema tatu, angeanza kukohoa. Lakini Kisimba alikuwa amesoma namba kwa sauti miaka ishirini na miwili mbele ya wakubwa, na katika miaka hiyo hakuwahi kupunguza hata nukta.

“Kumi na nane, mama.”

“Aa,” alisema Mama Micheline kwa masikitiko ya kweli. “Basi ni madini.”

Akafungua faili nyingine, ya madini, ambayo fomu zake hazikuwa zimeisha. Ardhi ya nyumba ya Kisimba ilikuwa ndani ya kibali cha kampuni mpya, kama ardhi ya nyumba zote za mtaa ule, na madini yote yaliyopatikana humo, kwa umbo lolote, yalikuwa ya mwenye kibali. Mama Micheline alitafuta njia ya kumsaidia mzee. Alipekua, akampigia mtu simu, akaipata. Direkta akiwa hai ni mnyama, na wanyama hawamo katika kibali. Akifa ni jiwe. Karani atakuja kila Ijumaa kuangalia kama ni mnyama au jiwe. Kisimba akatia saini. Glasi ya maji ilibaki mezani kwa Mama Micheline, na Kisimba alipokuwa anatoka alimwona akiichomekea ua la plastiki.

Alibaki na njia moja. Dada yake Mujinga alikaa Lubudi, karibu na reli, na nyuma ya shamba lake kulikuwa na chemchemi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuipa zawadi ya kibao. Kisimba alimpigia simu. Mujinga alimtukana kwanza kwa kutopiga tangu mwaka mpya, halafu akapakia bidoni moja ya manjano, dumu la lita ishirini za maji yake, juu ya lori la mahindi.

Bidoni ilifika Jumatano. Mpaka Ijumaa ncha ya mkia wa Direkta ilikuwa imerudi rangi ya jani, laini, na ikishikwa ilijikunja. Karani alipokuja na rejista yake alimkuta Kisimba anamngojea kwenye lango.

“Andika: amekamata panzi,” alisema Kisimba. “Andika saa. Saa tatu na dakika kumi.”

“Fomu inauliza tu mnyama ao jiwe, tata.”

“Basi andika mnyama, na herufi kubwa.”

Karani aliandika kwa herufi kubwa. Kisimba alicheka siku nzima, akampelekea hata Mama Godelieve habari, naye akamwambia atubu.

Jumamosi aliona mambo mawili. La kwanza, bidoni ilikuwa imebaki lita kumi na mbili, kwa sababu mnyama mwenye jiwe mwilini anahitaji kudondoshewa maji mchana kutwa, na mengi huishia kwenye mchanga wa debe. La pili, Mamie alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, anakunywa kikombe cha maji ya fonteni mpaka mwisho, kama wajawazito wanavyokunywa, macho yamefumbwa. Alimpigia Mujinga. Lori la mahindi lilikuwa limevunja ekseli, lingine halikujulikana.

Kisimba aliangalia bidoni, akamwangalia Direkta. Direkta alimwangalia yeye kwa jicho moja na Mamie kwa la pili. Kisha Kisimba alinyanyua bidoni, akaipeleka jikoni.

“Hii ni yako peke yako,” alimwambia Mamie. “Kunywa hii tu. Ya fonteni uache. Usipatie mutu.”

“Na Direkta?”

“Direkta ametosheka.”

Kuanzia siku hiyo hakumpa Direkta maji ya fonteni wala mengine. Alimfunika kitambaa chenye umande wa asubuhi, ambao katika kiangazi haukutosha kulowesha kitambaa, seuze kinyonga. Ncha ya mkia ilirudi bluu. Ikaacha kujikunja. Mguu mmoja baada ya mwingine ulishika fimbo ya chuma na haukuiachia tena. Jicho la kushoto lilisimama likitazama barabara. Jicho la kulia liliendelea kuzunguka, na kwa Ijumaa mbili karani aliandika mnyama, kwa herufi za kawaida.

Kisimba hakujuta. Kila asubuhi alisikia Mamie anafungua bidoni jikoni, maji yanalia ndani ya kikombe, na alisema moyoni: kikombe kingine kimeingia mahali pake.

Jumatano alienda nyuma ya nyumba kutafuta panzi, kwa mazoea tu. Ilikuwa Agosti. Kila ua wa Kapata ulikuwa na rangi ya kutu. Lakini matembele ya Mamie, tuta dogo kando ya ukuta, yalikuwa mabichi, manene, yanang'aa, majani mapana kama viganja. Kisimba aliyasogelea. Akachutama, akagusa udongo. Ulikuwa umelowa.

“Mamie.”

Mamie alikuja hadi mlango wa jikoni.

“Matembele inakunywaka nini?”

Mamie aliangalia vidole vyake.

“Mama Godelieve alisema maji yenye kinyonga alikunywa haiingiake mu tumbo ya mutoto,” alisema. “Bidoni ni ile moja, tata. Niliogopa. Mi sikuitupa, nilimwagia mboga. Mi nakunywaka ya fonteni, ile safi.”

“Tangu lini?”

“Tangu mulinipa.”

Kisimba alibaki amechutama. Alijaribu kucheka, na kicheko kilitoka kweli, kifupi, kama kile cha injini ya lori inayokataa kuwaka.

“Bon,” alisema. “Matembele imekuwa muzuri.”

Angeweza kumwambia. Alimwambia, kwa kweli, jioni ile ile, na akamwonyesha ukurasa wa amonia. Mamie alisikiliza yote, akalia kidogo, halafu akauliza sasa anywe nini, na Kisimba akafunga daftari.

Jicho la kulia lilisimama Alhamisi, saa nne asubuhi, likimtazama Kisimba. Siku iliyofuata karani alipitisha panzi mbele ya kinywa cha Direkta mara tatu, kama alivyoagizwa ofisini, akangoja dakika kumi. Karani aliandika jiwe. Walisaidiana kumbeba hadi kwenye gari pamoja na fimbo yake ya chuma, kwa kuwa hakuachia. Alikuwa na kilo kumi na moja. Sasa yuko mapokezi ya kampuni, ndani ya kisanduku cha kioo, na wageni husifu fundi aliyemchonga. Wamemweka uso ukutani kidogo, kwa hiyo jicho moja halioni kitu.

Mtoto alizaliwa wiki ya mvua za kwanza. Mkunga aliweka mizani sawa mara mbili, akaandika: msichana, kilo sita na gramu mia mbili, analia vizuri, kucha za mguu wa kushoto kijani. Mamie alimwita Abigaël. Mama Godelieve alizifunua kucha, akaona miviringo, mmoja ndani ya mwingine, akazifunika tena kwa upendo.

“Si nilisema?” alisema. “Aliangalia kinyonga. Siku moja ulisahau kumufunika macho, tata, njo ile siku.”

Watu wote waliokuja kutazama mtoto walikubali, na waliporudi makwao walipitia fonteni na bidoni zao.

Jumapili alikuja Ntambwe, na sabuni mbili za mtoto zimefungwa kwa utepe. Alikaa, akasifu mtoto, akanywa maji aliyopewa. Metorex ilikuwa begani, kwa kuwa alikuwa njiani kwenda kazini. Mamie alipoingia chumbani, alisogeza kiti karibu na cha Kisimba.

“Tata,” alisema kwa sauti ndogo, “tupime? Tujue tu.”

“Hapana.”

“Bon,” alisema Ntambwe, wala hakukasirika. Akaaga kila mtu.

Alipoondoka, Kisimba alimchukua mjukuu wake, akampakata barazani kwenye jua la asubuhi. Akampa kidole. Abigaël alikishika kwa nguvu, kama karani. Macho hayakuzama. Ngozi ya ubavuni, alipoivuta polepole na kuiachia, ilirudi mahali pake. Kisimba alifungua ukurasa mpya, akaandika yote matatu, akaacha nafasi kubwa chini.

“Tata,” aliita Mamie kutoka ndani, “maji ya kumuosha imeisha.”

Kisimba alimrudisha mtoto kwa mama yake, akachukua bidoni ya manjano, akaenda fonteni. Foleni haikuwa ndefu, na maji yalikuwa yanatoka vizuri.